Dhoruba ya Jua Niliyoifuta

Nakumbuka Jumanne moja ya mwisho wa kiangazi, mwanangu, nimesimama mbele ya kompyuta pale Gitega, Burundi, nikitazama mistari ambayo sikutaka kuiona. Nilikuwa bado msichana, binti wa muuza vitenge, na kazi niliyopewa chuoni niliipenda mno. Leo mvi zimejaa chini ya mtandio wangu, lakini Jumanne ile bado naikumbuka saa kwa saa.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kwa kuitazama. Juu ya paa la chuo kulikuwa na antena ya kupokea mawimbi ya satelaiti. Kila siku nilihifadhi mchoro wa mawimbi hayo, kisha nikaandika daftarini yaliyotokea: umeme umekatika, radi imepiga, kebo imelegea. Profesa wetu, mama mmoja mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kuipuuza, alikuwa akichunguza habari za jua. Utauliza jua na satelaiti vinakutana wapi. Jua, mwanangu, lina taji la moto mwembamba linalolizunguka, wataalamu huliita korona. Kutoka katika taji hilo upepo huvuma mchana na usiku, siyo upepo wa kupeperusha nguo kambani, bali chembechembe zenye umeme. Siku nyingine taji hulipuka na upepo ule huja kwa kishindo. Ukitufikia, hewa ya juu kabisa ya dunia huvurugika, na mawimbi ya satelaiti yanayopita humo hupinda na kuchelewa. Kuvurugika huko ndiko tulikokuwa tukikuandika, sisi Gitega, na mzee mmoja huko Muyinga aliyekuwa na antena kama yetu juu ya paa la duka lake la kushonea nguo.

Asubuhi ya Jumanne ile nilipanda kusafisha antena. Niliifungua kebo, nikairudisha haraka haraka kwa sababu nilitaka kuwahi sokoni, binamu yangu alikuwa anaolewa. Niliporudi jioni nikakuta mchoro umechachamaa. Tangu saa tisa alasiri mistari ilikuwa ikiruka juu na kuanguka, kama mwandiko wa mtu aliyetikiswa bega. Jambo la kwanza lililonijia ni kebo. Wiki moja tu kabla ya hapo Profesa alikuwa ameniambia, bila kupaza sauti, kwamba nikiharibu kumbukumbu mara moja zaidi atamtafuta mtu mwingine.

Sikupanda paani kuhakikisha. Hilo ndilo linalonisikitisha hadi leo, kwamba sikupanda hata kutazama. Nilifunga mlango, nikafuta mchana wote wa Jumanne, nikachukua mchana wa Jumatatu nikaubandika mahali pake. Daftarini nikaandika: shwari. 

Alhamisi akaja mpimaji wa mashamba, kijana aliyeitwa Deo, pamoja na mama mmoja mwembamba aliyeshika karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Mama huyo ni Elizabeti. Alikulia katika kambi ya wakimbizi huko Tanzania, akarudi na wanawe watatu kwenye shamba la marehemu baba yake huko Nyarusange. Karatasi ile ilikuwa na vipimo vya zamani vya mpaka. Jumanne alasiri Deo alikwenda kuutafuta mpaka kwa kile kifaa chake cha mkononi cha satelaiti, na kifaa kikamwonyesha kwamba unapita katikati ya jiko la Elizabeti. Wazee wa mlimani kwao walisema mpaka ni ule mstari wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe, hatua nyingi upande wa pili. Jirani naye akasema yeye anafuata kifaa.

Profesa alikuwa amewafundisha wapimaji waje kwetu wakipata kipimo cha ajabu, kwa kuwa vifaa vyao hutumia mawimbi yale yale. Siku hiyo hakuwapo, alikuwa Bujumbura kwenye mkutano.

Deo akaniuliza, "Hadija, Jumanne ile huko juu ilikuwa namna gani? Kama jua ilivuruga, mi nitarudia kupima."

Mwanangu, palikuwa na nafasi ya kusema. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyenishika koo. Nikageuza kompyuta, nikamwonyesha ile Jumatatu niliyoivisha jina la Jumanne.

"Ilikuwa shwari," nikasema.

"Donc, basi, kipimo ni kipimo," Deo akasema, na nikaona kwamba hakufurahi. "Mama, iko hivyo. Jiko itatoka."

Elizabeti hakulia. Alinitazama muda mrefu, akaikunja karatasi yake vizuri, akatoka.

Tangu hapo sikuwa na raha. Simu ikilia nashtuka. Chakula nakiacha sahanini. Mama yangu aliniuliza kama ninaumwa, nikamjibu kwamba ni uchovu wa harusi. Nilijiambia kwamba huenda mpaka kweli unapita jikoni, kwamba huenda ni kebo yangu tu iliyolegea na kifaa cha Deo kilikuwa sawa. Lakini nilikuwa nimefuta kitu pekee ambacho kingenijulisha.

Jumamosi asubuhi Mzee Saidi akatokea mlangoni. Ndiye yule fundi wa Muyinga, Mwislamu wa makamo ya baba yangu, kofia nyeupe, tepu ya kupimia bado shingoni. Alikuwa amepanda gari alfajiri akiwa na daftari lake na kumbukumbu za wiki ndani ya kile kijiti cha kompyuta, flashi. Kwa kawaida alimpa dereva wa basi atuletee. Safari hii alikuja mwenyewe.

"Mashine yangu iko na shida, mwana wangu," akasema hata kabla ya kukaa. "Jumanne mistari ilicheza kutoka saa tisa mpaka jua kuzama. Mi nimeangalia kebo, nimeangalia betri, sioni kitu. Nikasema niende nilinganishe na Gitega. Yenu ilikuwa namna gani?"

Saa ile ile. Hakuna kebo inayoweza kulegea Gitega na Muyinga kwa wakati mmoja.

Nilimwonyesha mchoro wangu kwa sababu sikujua la kufanya. Akasogeza uso karibu na kioo. Kisha akaniomba nimwonyeshe na Jumatatu. Akatazama moja, akatazama nyingine, akaweka kidole mahali palipokuwa na pengo dogo, pale umeme ulipokatika saa kumi.

"Jumatatu umeme ilikatika hapa," akasema. "Na Jumanne tena, dakika ile ile?"

Niliufunga mchoro wa Jumatatu.

"Hadija. Mi nashona mashati toka sijaoa. Hata nikikata mawili kwa patroni moja, hayafanani hivi."

Nikaanza kulia. Hakuninyamazisha. Alingoja nimalize, kisha akauliza niliogopa nini. Nikamwambia niliogopa kufukuzwa.

"We umesoma, mi sijasoma," akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. "Angalia ile niliandika mi."

Akafungua daftari lake. Kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyeandika mara nyingi palikuwa na maneno haya: Jumanne, saa tisa, mistari inacheza sana, sijui sababu.

"Nimeandika sijui. Na mi niko mzima, unaniona. Mais, lakini we uliandika unajua, na hukujua. Nani ameitumia hiyo karatasi yako?"

Nikamsimulia habari za Elizabeti. Akasimama, akavaa viatu vyake alivyokuwa amevivua mlangoni.

"Jiko yake iko bado?"

"Sijui, Mzee."

"Basi twende tujue."

Tulichukua pikipiki mbili. Njia ya Nyarusange ina kona nyingi, na kila kona niliomba tukute ukuta umesimama. Nilikuwa nikijiambia kwamba watu wa kwetu hawana haraka, kwamba labda watoto wanaumwa, kwamba labda jirani amemwonea huruma.

Tulimkuta Elizabeti juu ya kigoda, anabomoa mwenyewe. Alikuwa akitoa matofali ya udongo moja moja, polepole, ili yasivunjike, na binti yake mkubwa anayapanga chini. Kuta mbili zilikuwa zimekwisha shuka.

Nilimweleza yote palepale, nimesimama juani. Nilidhani nitapata maneno mazuri, sikupata. Nikasema tu kwamba nilidanganya, kwamba ile siku haikuwa shwari, na kwamba kipimo kile hakiaminiki.

Akashuka, tofali bado mkononi.

"Nilikutazama usoni siku ile, dada," akasema. "Nilijua kuna kitu. Nikajiambia hapana, huyu amesoma, hawezi kunifanyia hivyo. Nimewaambia wanangu kwamba babu yao alikosea mpaka wake. Nimemsingizia baba yangu kaburini kwa ajili yako."

Akaweka tofali juu ya mengine, akaingia ndani. Mzee Saidi ndiye aliyebaki kuzungumza na binti, na jirani alipokuja kuuliza kuna nini, yeye ndiye aliyemwambia kwamba hakuna anayegusa kitu mpaka Deo arudi.

Jumatatu iliyofuata nilimngoja Profesa mlangoni kwake, nikamwambia kabla hajaweka mkoba chini. Yeye tayari alikuwa amepata habari kutoka kwa wenzake wa nje: siku mbili kabla ya Jumanne ile taji la jua lililipuka, na alasiri ya Jumanne upepo wake ukatufikia. Alikuwa amerudi kwa hamu ya kuona Gitega iliandika nini. Sikufukuzwa, lakini aliniondoa pale. Alinipeleka Muyinga nikae chini ya Mzee Saidi msimu mzima wa mvua, nijifunze kuandika.

Deo alipima tena siku ya utulivu, mara tatu. Mpaka ukaangukia kwenye miyenzi. Jiko lilikuwa la Elizabeti tangu mwanzo. Lakini mvua za kwanza zilikuwa zimeyakuta matofali yale chini, na mengi yakawa tope. Nilikwenda kumsaidia kukanyaga udongo wa mapya. Alinipa jembe, akanipa na maji ya kunywa, ila hakunisemesha sana, nami sikumdai zaidi ya hapo.

Na mchana ule wa dhoruba haukurudi. Wachunguzi wanapotaka kujua ilivyokuwa juu ya Burundi siku ile, wanasoma ya Muyinga. Kwa Gitega hakuna kitu.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe unayeanza kazi ya kupima, iwe unapima jua, damu ya mgonjwa au mahindi ya watu. Andika ulichokiona, hata kama kinakuchongea. Usichokijua, sema hukijui, usione haya. Na ukishakosea, usingoje ujasiri uje, nenda siku hiyo hiyo ukiwa bado unatetemeka, maana kila siku unapongoja kuna mtu mahali fulani anabomoa kwa neno lako. Hofu utaipata tu, mimi ninayo mpaka leo, lakini isikushikie kalamu.

Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kukiri. Akujalie wakubwa watakaokurudi bila kukudharau, akuepushe na usingizi wa mtu aliyeficha kitu, na kila atakayeliamini neno lako asije akalijutia. Amina.