Nilivyopewa Pasipoti Yangu kwenye Mnara wa Haramia

Leo mtoto wa bosi nusura anifukuzishe kazi, tena huku ugenini.

Familia ninayoifanyia kazi Jeddah imenileta likizo kwenye kisiwa kimoja cha Karibiani. Tukapanda mnara wa haramia wa zamani, mimi nikimtafsiria Lulwa, binti yao wa miaka sita.

"Haramia huyu alinyang'anya watu vitu akavificha humu," mwongoza watalii akasema kwa Kiingereza.

Lulwa akauliza kwa Kiarabu, "Kama mama alivyoficha pasipoti ya Mercy?"

(Mercy ni mimi.)

Mwongozaji akataka kujua mtoto amesema nini.

"Anauliza choo kiko wapi," nikamjibu.

Madam, mama yake Lulwa, anayekijua Kiingereza vizuri, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafungua mkoba.

"Shika pasipoti yako. Mimi si haramia."

Wenzangu, nyinyi mngetafsiri?