Damu ya Mzee Haimo kwenye Kompyuta

Mdogo wangu aliniomba kitu kimoja tu kabla ya harusi yake kule Gare. "Dada, siku hiyo vaa sare. Kila shughuli unakuja kutoka Amani kama mgeni mwalikwa. Nataka kwenye picha uonekane ni wa kwetu." Alikuwa anaolewa na mtu wa Mbeya, na baada ya harusi angehamia huko. Nikamwahidi.

Kina shangazi walichagua sare ya rangi ya damu ya mzee. Mtu mwenye akili timamu angesema sawa, akakatiwa kipande kwenye jora lao pale Lushoto mjini. Mimi bwana ni msomi. Kazi yangu ni kuchora grafu za mvua, na programu ninayochorea inazijua rangi kwa majina. Nikaiamuru inionyeshe zote. Ikajaza ukurasa visanduku, kila kimoja na jina lake la Kizungu pembeni. Nyanya imo, chokoleti imo, hata samaki yumo. Damu ya mzee haimo.

Nikachagua kimoja ambacho kwa Kiswahili ni tofali la kuchoma. Nikautuma ukurasa kwenye kundi la kamati, na maelezo marefu kwamba damu ya mzee haina kipimo, kwani mzee yupi? Shangazi mkubwa akajibu, "Marahaba, mwanangu." Wala sikuwa nimemwamkia.

Aibu niliiona, ila ubishi nimezaliwa nao. Nikachapisha ukurasa, nikashuka nao Muheza, nikaulinganisha na vitambaa mpaka muuzaji akaniuliza kama natafuta nguo au rangi ya ukuta. Nikanunua, nikashonesha, nikajisifu.

Siku yenyewe kina shangazi walijipanga mlangoni mwa kanisa, wote jora moja, wekundu mzito ulioiva. Mimi nawaka kama tanuru. Shangazi mkubwa akanikagua juu mpaka chini.

"Shikamoo," niliwahi.

"Marahaba. Kasimame nyuma."

Nikasimama nyuma. Nami niliombwa kitu kimoja tu.

Bibi harusi akaingia, macho yanahangaika ndani ya shela, huku na huku. Yaliponifikia, akacheka mbele ya mchungaji. Wakati wa picha akanivuta mkono, akaniweka ubavuni pake.

"Niliogopa hujaja," akasema. "Nikakuona wewe kabla ya wote."

Picha iko sebuleni kwake Mbeya. Wageni huuliza yule aliyekosea sare ni nani, naye hujibu kwamba huyo ndiye dada yake.