Utepe Mwekundu wa Mzee Chilongani

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya viwanja, Dodoma, Mkuu wa Kitengo cha Kumbukumbu alinionyesha kompyuta tatu zilizofunikwa vitambaa vya kufuma. "Binti, wewe ndiye uliyesomea haya madude," akaniambia. "Wafundishe wenzako." Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria, na kompyuta tulizitunza kama wageni wa heshima.

Mwanafunzi niliyempenda kuliko wote alikuwa Mzee Chilongani, karani wa masjala aliyekuja kwa baiskeli kutoka Ihumwa. Nilimpa neno la siri, yaani ufunguo wake wa kuingilia kwenye mashine, naye hakumtajia mtu.

Kisha kiwanja cha mjane mmoja wa Nkuhungu kikaonekana kwenye kompyuta kina jina la mtu mwingine. Aliyebadilisha, kwa mujibu wa mashine, ni Chilongani. Mkuu akamwandikia barua ya kumsimamisha kazi. Mzee aliipokea kwa mikono miwili.

"Mimi kila jioni naifunga," alisema.

Nikamwomba anionyeshe anavyoifunga. Akabonyeza kitufe cha kioo cha kompyuta, kioo kikawa cheusi. Lakini boksi la kompyuta chini ya meza lilikuwa bado linanguruma, na yeye kwa jina bado yumo ndani. Yeyote aliyewasha kioo angeandika apendavyo. Onyo kwamba hujatoka lilikuwapo: maandishi madogo pembeni mwa kioo, kwa Kiingereza. Na mwalimu wake nilikuwa mimi.

Nikamweleza Mkuu. "Sasa utamsimamia kila mtu mezani kwake?" akauliza.

Nikaandika programu ya kuonyesha utepe mwekundu sehemu ya juu ya kioo, kwa herufi kubwa: CHILONGANI YUMO NDANI. Ukitoka kwa utaratibu, unageuka kijani: MLANGO UMEFUNGWA. Sheria ikawa moja, usizime kioo kabla hujaona kijani. Jalada la karatasi likamrudishia mjane kiwanja chake, karani mwenzetu akakiri kuwa ndiye aliyebadilisha jina, na Mzee akarudi kazini. Baada ya hapo watu waliitana toka meza hadi meza: "Mama Neema, unaondoka na bado mwekundu!"

Sasa nimestaafu. Vijana wa mifumo huniambia watumiaji ni wazembe. Nawauliza kama wamewahi kukaa kando ya mtumiaji wakatazama anachokiona yeye. Mimi nilikaa kando ya Chilongani barua ikiwa imeshaandikwa. Nilipomwomba radhi alicheka kidogo, akasema, "Ulinifundisha vizuri, mwanangu. Mashine ndiyo haikuniambia kitu."