Mafuta ya mbuzi iliyokosa mwenyewe

Leo kipande moja ya nyama imezunguka meza kama kikapu ya sadaka, na kila mutu anaipitisha.

Tulikuwa Kinindo, kwa baba mukwe wangu. Brosheti za mbuzi, nyama ya kuchoma kwa kijiti, zikakuja, na moja iko na ile kipande kubwa ya mafuta yenye tunapeaka mukubwa kwa heshima.

Nikamupa muzee kwa mikono mbili.

"Apana, mukwe wangu. Leo we ndio mugeni."

Sasa mi, wiki hii tu, muganga ameniambia kolesteroli imepanda, niache mafuta ili mishipa ya moyo isizibe. Lakini baba mukwe utamwambia nini?

Nikapitishia shemeji, kaka ya bibi yangu. Huyu huwa anafyonza mpaka mufupa. Leo eti hawezi kula heshima ya baba yake. Akairudisha kwa muzee.

Tukaheshimiana mpaka mafuta ikaganda.

Mama mukwe akachoka. "Muzee, waambie tu. We walikupima damu, ukakutwa na kolesteroli."

Shemeji akainua mukono polepole. Naye pia.

Paka akaruka kwa meza, akaibeba.

Kwenu nani bado hajapima? Kwetu amebaki paka.