Paka wa Iftin aliyenifanya nikatae transfer

Wakuu, habari za mihangaiko. Wakubwa zangu shikamooni, vijana mambo.

Juzi kuna mtu aliandika humu kwamba paka hana habari na mwenye nyumba, anachojua ni sahani tu. Nilicheka peke yangu, nikasema leo wacha niweke yangu hadharani. Hii si chai, ingawa chai ya maziwa ya ngamia itatajwa. Yote yalinipata mimi mwenyewe, Garissa, miaka ya tisini, kabla hizi simu hazijatuharibu.

Mimi ni mtu wa Kerugoya. Nilipomaliza chuo cha ualimu nikapewa posting Garissa. Nyumbani walilia kana kwamba napelekwa vitani. Mama akanifungia sweta mbili.

Sweta, wakuu. Garissa.

Nikapanga chumba mtaa wa Iftin, kwenye boma la bibi mmoja mjane. Mtaa mzima ulimwita Ayeyo, yaani bibi kwa Kisomali, na mimi nikafuata. Yeye alikaa upande wa mbele, mimi chumba cha nyuma, katikati ua wa mchanga. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, Kisomali changu kilikuwa sifuri. Jioni alikuwa ananiuliza kama nimekula, namjibu nimekula, mazungumzo yanaishia hapo.

Upweke ulinikamata vibaya. Muhula wa kwanza haujaisha nikawa nimeshaomba transfer ya kurudi kwetu. Muhula wa pili nikaomba tena. Ikawa ni kama kazi nyingine juu ya ualimu.

Sasa paka anaingia.

Siku moja lori la mbuzi kutoka Habaswein lilisimama kwa jirani kushusha mzigo. Katikati ya mbuzi akashuka paka mweupe, mwembamba, vumbi tupu. Akatembea kama abiria aliyelipa nauli yake, akapita mlango wa boma letu, akalala kivulini. Hakuna aliyemkaribisha.

Ayeyo alimwita Adey, kwa sababu ya weupe. Mimi nilimwita Karani, kwa sababu kila nikisahihisha madaftari alikuja kulikalia lile lile ninalolisahihisha. Kwa hiyo nikisema Adey au Karani, jueni ni paka mmoja.

Asubuhi alikunywa maziwa ya ngamia kwa Ayeyo. Jioni alikula omena, dagaa wale wa ziwani, kwangu. Hapo ndipo tulipoanza kukwaruzana, maana kwa Ayeyo, kama wazee wengi wa huko enzi hizo, samaki hakuwa chakula cha mtu mwenye akili. Paka akirudi kwake ananuka ziwa zima, Ayeyo ananiangalia mimi.

"Mwalim, umeharibu baka," aliniambia, maana P ya paka ilimshinda.

Nikamwambia paka hajalalamika.

Kabla sijaendelea, hapa naomba wenye paka mnisikilize vizuri. Mimi ni mtu wa kuongea. Naongea hata na sufuria. Basi Karani naye kwangu akawa muongeaji. Nikifungua mlango anatoa mlio mmoja mfupi, namjibu, "Ndio, mkubwa." Anatoa wa pili, namjibu tena. Tunakwenda hivyo mpaka maji yachemke. Nilikuja kuujua mlio wa njaa, wa "fungua mlango", na ule wa kulalamika tu bila sababu.

Kwa Ayeyo hakuwahi kutoa hata sauti. Ayeyo alikuwa mtu wa kimya. Adhana ikisikika alitandaza mswala, na Adey alikuja kukaa pembeni karibu na ndara mpaka swala iishe. Ayeyo anampitishia mkono mgongoni mara moja, kisha kila mmoja anashika njia yake. Ungeapa ni paka wawili.

Jumamosi moja malaria ikaniangusha. Nilikuwa nimelala mlango wazi, mchana kweupe, najisikia kama nimepikwa. Karani akapanda kifuani, akatoa mlio wake. Sikumjibu, mdomo haukuwa na nguvu. Akatoa tena. Nikanyamaza. Akashuka akatoka.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Ayeyo alikuwa amekaa na chai yake pale mbele. Adey akasimama mbele yake akalia, mlio mrefu, na yeye hajawahi kumsikia akilia. Akamfukuza. Paka akaenda hatua chache kuelekea chumba changu, akarudi, akalia tena. Ayeyo akachukua fimbo yake, akaja kuchungulia.

Nilipelekwa hospitali kwa mkokoteni wa punda, ule wa kuuza maji, nimelala katikati ya madebe. Ayeyo alitembea kando yake jua lote lile, anamgombeza mwenye punda kwa Kisomali. Nilipopona hakutaka shukrani. Aliniuliza tu kama nimekula.

Mambo yakaendelea. Nikajifunza Kisomali cha kununulia nyama, wanafunzi wangu wakanizoea. Maombi ya transfer niliendelea kuyapeleka vile vile, kama mtu anayepiga mswaki.

Siku moja headmaster akaniita: transfer imetoka, unarudi kwenu. Nikaenda nyumbani natembea kama bwana harusi. Nikaanza kufunga vitu, na kwa ajili ya Karani nikatafuta katoni ya mafuta ya kupikia, nikaitoboa matundu ya hewa.

Ayeyo akaiona.

"Hii ya nini?"

"Ya paka, Ayeyo. Naenda naye kwetu."

Akaingia ndani. Jioni ile hakuniuliza kama nimekula.

Kesho yake akaja kaka yake, Mzee Dubow, mfanyabiashara wa mbuzi. Huyu alikuwa akiitwa kwenye maslaha. Kwa wasiojua, huko watu wakikosana hawakimbilii polisi. Wazee wanakaa chini, kila upande unasema, wanapatanisha, mnakunywa chai. Mzee Dubow alikuwa ameamua kesi za ngamia, za visima, za ndoa.

Safari hii aliitiwa paka.

Nilidhani ni utani mpaka nilipoona mkeka umetandikwa na mzee amevua viatu. Majirani wakajaa mlangoni. Wakuu, nilichomekea shati.

Nikaambiwa niseme. Nikasema nimemlisha, nimemtoa kupe, analala kitandani kwangu. Ayeyo akasema kwa kifupi: paka aliingia boma lake, ni mgeni wa boma lake, na mgeni hafungwi kwenye katoni.

Mzee Dubow akakuna ndevu. "Haye, sawa. Tuulize baka mwenyewe. Lakini Mwalim, kwanza enda nawa mikono na sabuni. Wewe iko na harufu ya samaki, hiyo ni hongo."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikanawa.

Kila mmoja akakaa mlangoni kwake, paka akawekwa katikati ya ua. Nikamwita kwa maneno yote ninayoyajua. Ayeyo alikaa tu, mikono mapajani, kama kawaida yake.

Karani akajilamba kwanza, hana haraka. Kisha akaja kwangu. Akainusa katoni iliyokuwa kando yangu, akaizunguka, akaniangalia. Nikamwambia, "Ndio, mkubwa." Hakujibu. Ilikuwa mara ya kwanza ananinyima jibu.

Akageuka akaenda moja kwa moja kwa Ayeyo. Akasimama mbele yake akalia, mlio mrefu. Akaja hatua chache kuelekea kwangu, akarudi kwake, akalia tena.

Ayeyo akashika mdomo.

"Hii baka hajawahi ongea na mimi," akamwambia kaka yake. "Mara moja tu, siku Mwalim alikuwa mgonjwa. Na leo."

"Anasema nini?"

"Anasema njoo uangalie Mwalim."

Mzee Dubow akanigeukia.

"Mwalim, wewe mgonjwa?"

"Hapana, mzee."

"Basi iko shida gani? Wewe nataka kwenda?"

Wakuu, hilo swali sikuwahi kuulizwa na mtu. Nyumbani walijua nataka. Headmaster alijua nataka. Mimi mwenyewe niliomba kurudi nikiwa mgeni nisiye na wa kumsalimia, halafu nikaendelea kuomba bila kujikagua. Mimi ninayeongea na sufuria nilifungua mdomo, sikupata neno. Nikamwona Ayeyo anatazama mchanga, kanga yake ameikunja mkononi.

"Sitaki," nikasema. Na machozi yakanitoka mbele ya majirani wote, sioni aibu kuandika.

"Haye," akasema Mzee Dubow. "Kesi ya baka imekwisha. Leteni chai."

Jioni ile Ayeyo aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado. Nikala kwake.

Headmaster alicheka mpaka akavua miwani, na nafasi yangu ya transfer mwalimu mwingine aliipokea kwa mikono miwili. Mama alininunia muda mrefu, mpaka alipokuja kunitembelea, akaletewa maziwa ya ngamia, akaomba kuongezewa. Katoni ikawa kitanda cha Karani, na matundu yake yote.

Nilichojifunza: paka haelewi maneno yako, usijisumbue. Anachosoma ni mazoea yako. Anajua nani humjibu na nani humkalia kimya, na kila mmoja anamjia kwa njia yake. Yangu aliyasoma hadi akaona nimeharibikiwa wakati mimi najiona bwana harusi.

Ayeyo alishatangulia, Mungu amrehemu. Mimi nimestaafu, na haya nayaandika nikiwa Iftin, boma lile lile. Hapa miguuni kuna paka mweupe, nasema ni kizazi cha Adey, majirani wanabisha. Amelia mara mbili tangu nianze uzi huu, na nimemjibu zote mbili.

Wenye paka, karibuni mseme wenu wanawasoma vipi. Na wewe uliyesema paka anajua sahani tu, nakusubiri hapa. Nanawa mikono kwanza.