Dume la Buluu Chini ya Taa ya Njano

Jina lake halisi lilishasahaulika pale kwenye chumba cha matangi. Wote walimwita Mama Kwani, maana swali lake lolote lilianza na neno hilo. Kwani samaki analala? Kwani anapepesa macho? Miaka ishirini alikuwa fundi cherehani, mgongo ukamgomea, akaja kulisha samaki wa utafiti. Udadisi hakuuacha nyumbani.

Sasa mtaalamu, kijana wa kumzaa, alikuwa amechoka na tangi moja. Samaki wake walitoka kwenye maji maangavu ya juu ziwani, na miezi mitatu majike hawakutaga.

"Mama, Ijumaa ijayo namwaga hili tangi. Najua ndio mbegu ya mwisho, lakini sifugi mapambo."

Mama Kwani aliumia kama kaambiwa habari za wajukuu zake. Kilichomkera ni tangi la jirani. Ndugu zao wa kwenye kina chenye tope walizaana mpaka kero, nao walikula chakula kilekile, chini ya taa zilezile mpya za njano.

Taa! Akaweka ndoo chini. Fundi haamini taa ya duka. Kitambaa hukipeleka mlangoni kwenye jua, asije akashona nyeusi akidhani buluu. Akachungulia. Madume wekundu wa kina waling'aa. Wale wa buluu wa maji ya juu, wenye maringo yao, walikuwa wamefifia kama masizi.

"Kwani, Bosi, jike humpendea dume nini?"

"Rangi."

"Na macho yao ni ya aina moja?"

Mtaalamu alikuna kichwa. "Hapana. Kwenye tope buluu haifiki chini, unafika mwanga wa njano na mwekundu, na macho ya huko yamezoea huo. Hawa wa juu ndio wanaona buluu vizuri."

"Basi umewaletea wachumba gizani. Kila shetani na mbuyu wake!"

Mtaalamu hakucheka, ila alimruhusu afunge taa nyeupe juu ya tangi lile.

Ijumaa alikuja na wavu. Jike mkubwa alikuwa amejibanza pembeni, chakula kinampita puani.

"Ona, hata kula wamegoma," akasema, akizamisha wavu bila kuinama kutazama.

Mama Kwani akamdaka mkono, bosi au si bosi. Kidevu cha jike kilikuwa kimevimba, na kwenye upenyo wa midomo yalionekana mayai, yamesongamana.

"Hajagoma, mwanangu," akasema. "Anatamia mdomoni. Akimeza tonge, amemeza wanawe."