Harufu ya Rubisi kwa Mtu Asiyekunywa

Naitwa Mama Alinda, wa Nyabiyonza. Sista wa kliniki ya sukari ameniomba niandike haya kwa ajili yenu mlioambiwa juzi tu, ambao bado mnakaa kwenye benchi mkitazama miguu yenu. Nitaeleza kwa mpangilio. Mimi ni katibu wa umoja wa kinamama kanisani kwetu, na nimejifunza kwamba maneno yasiyopangwa huwachosha watu bure. Mimi mwenyewe nimeshachoka vya kutosha.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa shamba, na bado ni mtu wa shamba. Tuna migomba, kahawa chini yake, na maharage pale palipobaki. Nilikuwa mnene wa kawaida, mwenye sauti ya kwanza kwenye kwaya, na sikuwahi kulazwa ila kwa kujifungua. Jioni, nikishamaliza kuosha vyombo, nilikwenda baa.

Msishtuke. Mimi ni Mlutheri, na pombe pekee niliyoimeza maishani ni ile ya meza ya Bwana. Baa yetu iko ndani ya simu. Ni kundi la wanawake tuliosoma pamoja sekondari, tukatawanyika tulipoolewa. Waume zetu wana kilabu chao, wanakaa, wanacheka, wanarudi wakijisikia watu. Mwanamke akikaa pale jioni moja, anazungumzwa hadi Jumapili. Basi Jovitha, anayeuza soda na vocha huko Rubwera karibu na ofisi za wilaya, akatufungulia baa yetu, nasi tunakunywa maneno.

Jovitha ndiye mhudumu. Kila jioni huandika, "Meza zimefutwa. Leo kuna rubisi ya ndizi kali na senene wa kukaanga. Aliyenuna apite hivi."

Mama Koku wa Songambele, mkulima kama mimi, ndiye mlevi mkuu. "Mimi nipe kibuyu kizima, waitu. Mrija nimekuja nao. Nimeshinda nimeinama kwenye maharage, mgongo umebaki hukohuko shambani."

Wengine watatu hunywa kimyakimya na kutuma vicheko. Sheria ya baa ilikuwa moja: shida zinaachwa mlangoni pamoja na ndala. Ukileta habari za ada, michango au homa, unawanunulia wote. Tuliipenda sheria hiyo. Ilikuwa saa yetu moja ya kutokuwa mama wa mtu.

Ugonjwa wangu ulianza na kiu. Ilikuwa wakati wa kuchuma kahawa, jua kali, vumbi la barabarani limekaa juu ya majani, kwa hiyo sikushangaa. Nilikunywa maji kwenye kikombe, kisha kwenye jagi, kisha nikaanza kulala na dumu dogo kando ya kitanda. Yote niliyokunywa yalitoka. Choo chetu kiko nyuma ya migomba, na nilikwenda hadi nikatengeneza njia yangu mwenyewe kwenye majani makavu. Mama mkwe, anayekaa nyumba ya pili, aliniuliza kama nimekula kitu kibaya.

Baani sikusema naumwa. Nilisema kama tulivyozoea kusema pale.

"Mhudumu, niongeze. Nimemaliza mtungi na koo bado kavu."

"Huyu leo ana tumbo la ng'ombe," akajibu Mama Koku. "Mletee ndoo, ule mrija unamchelewesha."

"Narudi, naenda uani."

"Tena? Shoga, rubisi haikai kwako. Inapita kukusalimia tu."

Nilicheka. Hata sasa nikisoma maneno hayo nacheka, kisha nasikia baridi.

Baada ya kiu ukaja wembamba. Sketi ya kanisani niliifunga kwa pini, baadaye kwa pini mbili. Pete ya ndoa ilianguka kwenye beseni la kuoshea ndizi. Nilikula sana na bado nilikonda. Sehemu za siri ziliwasha hadi nikaona aibu kukaa kwenye mkutano. Miguu ilikaza usiku. Macho yakaingia ukungu. Herufi kwenye simu zikawa kama zimelowa. Niliandika baani, "Leo nimelewa, naona meza mbili na miguu hainishiki." Wakanipigia makofi. Mama Koku akasema sasa nimehitimu.

Duka la dawa walinipa vidonge vya malaria, kisha vya maambukizi ya mkojo. Nilivimaliza vyote. Mama mkwe aliona nazidi kuishiwa nguvu, akanikamulia omuramba, juisi ya ndizi mbivu kabla haijachachushwa kuwa rubisi. Kwetu mgonjwa asiyekula hupewa hiyo, na ni tamu sana. Alinikamulia kila siku kwa mikono yake mwenyewe, akasimama kuhakikisha nimemaliza. Nilikunywa jagi zima, na kiu ikanirudia kabla hajafika kwake. Nilipomweleza daktari baadaye, alifumba macho kidogo, kisha akaendelea kuandika.

Ndipo ikaja harufu.

Mimi sikuisikia. Aliyeisikia ni mume wangu, Baba Alinda. Ni mtu mpole, msomaji wa neno kanisani, asiyegusa pombe kwa sababu baba yake aliigusa sana. Asubuhi moja aliinama kunifunika blanketi, akasimama wima.

"Umekunywa nini?"

"Maji."

"Maji hayanuki hivi."

Nilidhani ananitania. Jioni yake nilisinzia na simu mkononi. Akaichukua, akasoma. Aliposoma yale ya meza mbili na miguu isiyonishika, aliniamsha.

"Hii baa iko wapi?"

"Haipo," nikasema.

"Kama haipo, unalewaje?"

Ningeweza kumweleza. Lakini ulimi ulikuwa umekauka na kichwa kizito, na kueleza mchezo wa wanawake sita kwa mwanaume aliyekasirika kunahitaji nguvu. Nikageukia ukutani. Akachukua kugeuka kwangu kama jibu. Akamwambia mama yake, mama yake akamwambia mzee mmoja wa kanisa, na kwaya ilipokwenda kuimba kwenye harusi Rubwera sikuitwa. Nyumbani mume wangu alinisogezea chakula, akaondoka.

Jumapili iliyofuata niliamka natapika. Tumbo liliuma kana kwamba mtu analikamua. Nilipumua kwa nguvu, kwa kina, kama niliyepanda mlima na gunia la kahawa, na nilikuwa nimelala tu. Baba Alinda alisimama mlangoni amevaa koti la kanisani.

Mtoto wangu mkubwa akauliza, "Baba, mama anaumwa?"

"Mwache alale. Itamtoka."

Wakaenda kanisani. Kuanzia hapo sikumbuki vizuri. Yanayofuata nimeyapata kwa mume wangu, kwa Jovitha, na kwenye simu yenyewe, ambayo imehifadhi kila neno.

Alirudi adhuhuri akanikuta nimeteremka kitandani nusu. Aliniita jina, nikamjibu mambo ya kahawa. Hakujua la kufanya na mlevi wa namna hiyo. Akashika simu yangu akaingia baani.

"Mimi ni mume wa Mama Alinda. Naomba kujua mnamnywesha nini."

Walidhani ni mimi, nimeanza mchezo mapema. Mama Koku akajibu palepale: "Karibu, mzee. Kiti cha wanaume kiko nje, kando ya mbuzi."

"Naongea kweli. Hawezi kusimama. Anatapika na ananuka rubisi."

"Ahaa. Nilishangaa kibuyu changu kimekwisha."

Kisha simu ikaita. Alikuwa Jovitha. Baadaye aliniambia kwamba kitu kilichomshtua ni neno moja: ananuka. Katika baa yetu hakuna kitu kinachonuka.

"Shemeji, ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Mmemfanya nini mke wangu?"

"Nisikilize, shemeji. Hakuna pombe pale. Hakuna baa. Ni sisi tumekaa majikoni kwetu tunadanganyana ili tucheke. Mimi hapa nina chai. Mkeo hajawahi kunywa."

"Harufu naisikia kwa pua yangu."

"Sijui ni harufu ya nini. Mimi si daktari. Ila kama hajanywa na ananuka, basi kuna kitu kinamuua. Usimwache alale. Mtoe sasa hivi."

Mume wangu anasema alikaa sakafuni kwanza. Kisha akatoka mbio kwenda kwa jirani mwenye gari dogo la kubebea ndizi. Walinilaza nyuma juu ya majani ya mgomba, mama mkwe akashika kichwa changu. Njiani mume wangu aliniomba msamaha kwa Kinyambo, wote mle garini walisikia ila mimi.

Hospitalini tulipokelewa na daktari wa kike, binti mdogo. Aliniinamia, akavuta pumzi, akasema, "Mpimeni sukari kwanza." Walinitoboa kidole. Kile kipimo kikashindwa kutoa namba. Kikaonyesha tu kwamba sukari imepita kiwango chake cha kusoma.

"Baba, huyu hajalewa," daktari akamwambia mume wangu. "Sukari imejaa kwenye damu na mwili hauwezi kuitumia, kwa hiyo unachoma mafuta yake wenyewe. Sumu inayotoka hapo inanuka hivyo, kama ndizi iliyochacha."

"Mimi nilimwacha alale."

"Mngengoja aamke, asingeamka."

Waliniwekea dripu mikono yote miwili, na insulini, na mpira wa mkojo. Nilipofumbua macho nikajua nilipo, kitu cha kwanza nilichokiona ni koti la kanisani la mume wangu, limejaa utomvu wa migomba, utomvu ambao hautoki. Alikuwa anamwambia muuguzi, "Nilimwacha alale." Muuguzi alishalisikia neno hilo mara nyingi. Akamwambia, "Sawa, baba. Sasa shika hili bakuli."

Niliporudi nyumbani nilidhani yamekwisha. Hapa ndipo nataka mnisikilize nyinyi wageni, kwa sababu hakuna aliyenionya juu ya uchovu. Kufa kulikuwa kumepita haraka. Kuishi kunarudi kila asubuhi. Kuna sindano asubuhi na sindano jioni. Kuna kutoboa kidole kilekile ambacho kinachuma kahawa. Ndizi ambazo zamani nilipakua bila kuangalia, sasa nazipima kwa macho. Mwanzoni macho hayakuona mistari kwenye bomba la sindano, Baba Alinda ndiye aliyenichoma. Kila asubuhi aliinama akanusa pumzi yangu kabla ya kwenda shambani, kisha akachukua jembe.

Friji hatuna. Chupa ya insulini ninayotumia, ambayo haitakiwi kupata joto, naiweka ndani ya chungu kilichofukiwa kwenye mchanga wenye maji, kama sista alivyonifundisha. Chupa za akiba zinakaa kwenye friji la Jovitha, Rubwera, nyuma ya soda. Wateja humuuliza kama ni kinywaji kipya. Yeye husema ndiyo, lakini kina mwenyewe.

Mama Koku alikuja mwenyewe kutoka Songambele na jogoo mikononi. Alikaa barazani akamshika jogoo muda mrefu.

"Nilikuambia umehitimu," akasema.

"Nilicheka na mimi."

"Wewe ulikuwa unakufa. Mimi nilikuwa na akili zangu zote."

Tukamchinja jogoo. Jioni hiyo Jovitha alifungua baa tena, baada ya kuifunga tangu nilipolazwa, na akabadilisha sheria. Sasa hakuna anayeagiza kabla hajasema mwili wake ukoje, kwa kweli, bila mchezo. Mama Koku akawa wa kwanza: "Mwili: goti la kulia linauma, na nimeanza kukosa usingizi. Kinywaji: kibuyu, kama kawaida." Mmoja wa wale wanywaji kimyakimya akaandika kwamba ana uvimbe kwenye titi na hajamwambia mtu. Kesho yake Jovitha alifunga duka akamsindikiza. Ametolewa uvimbe, na haukuwa mbaya.

Jina langu lilichelewa kupona kuliko mwili. Siku moja kwenye mazoezi ya kwaya sukari ilishuka kupita kiasi, kama sindano inavyoweza kufanya, nikatoka jasho, nikapepesuka, na nikasikia mtu nyuma akisema, "Ameanza tena." Sikuwa na nguvu ya kugeuka. Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo, mume wangu alisimama. Yeye husoma neno tu, hatangazi. Akasema, "Mke wangu hanywi pombe. Aliyesema anakunywa ni mimi, na nilikosea, na kwa kosa hilo karibu nimzike. Mkimwona anatetemeka mpeni kitu kitamu, muache kunong'ona." Akaketi. Mchungaji akaendelea na tangazo la mavuno.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari yule, na Jovitha ambaye hakujua ugonjwa wangu ni nini lakini alijua si mchezo. Mama mkwe namshukuru pia. Hakamui tena omuramba, ananichemshia mchicha, na bado anasimama kuhakikisha nimemaliza.

Nyinyi mlio kwenye benchi, ninayowaambia ni machache. Kiu isiyokatika si jua. Mkojo usioisha si baridi. Nendeni mkapimwe, ni tone moja la damu. Mkiumwa semeni mnaumwa, kwa maneno hayohayo, kwa mtu atakayeamka mkimwita. Mkichoka na sindano, nami nimechoka nayo. Juzi nilikaa nimeishika hadi chai ikapoa, nikimwuliza Mungu itakwisha lini. Nikajichoma, nikaenda kupalilia.

Nimeandika hadi hapa na ndizi zimeshaiva jikoni, watoto wameanza kugonga sahani. Sindano inatangulia chakula. Ngoja niichukue.